Mkono Niliounyoosha

Ukipandia basi Uyole kwenda Njombe, sweta unalivaa, unalivua, kisha unalivaa tena. Uyole kuna baridi. Igurusi mnaanza kuteremkia joto la Usangu, na mkifika Chimala madirisha yote yako wazi, wachuuzi wamenyanyua beseni za ndizi na mahindi ya kuchemsha. Kuanzia Igawa barabara inapanda polepole, na Makambako upepo unakupokea kwa nguvu. Nimeipita njia hiyo miaka minne, Januari 2020 hadi Novemba 2023, kwenda na kurudi, kwa ajili ya mtoto mmoja. Mimi ni fundi wa kufuma masweta, nina mashine mbili na kibanda Mwanjelwa, jijini Mbeya. Mtoto ni binti yangu wa kwanza. Shule ilikuwa ya binafsi, ya bweni, ya wasichana watupu, mbele ya Makambako. Jina lake sitalitaja. Ninayotaka kusema yananihusu mimi zaidi kuliko shule.

Ndugu zangu walinishangaa. Tangu Januari 2016 sekondari za serikali hazikutoza ada hadi kidato cha nne, na shule ya kata iko dakika kumi na tano kwa miguu kutoka nyumbani. "Hela yote hiyo unaipeleka kwa watu wa nini?" kaka yangu aliniuliza. Sikuwa na jibu la maana, nilikuwa na hofu tu. Nilikuwa nimewaona mabinti wa mtaani kwetu wakiacha shule mmoja mmoja, huyu kwa mimba, yule amechukuliwa kwenda kufanya kazi za ndani Dar es Salaam, nikajiapiza kwamba wangu atakaa ndani ya uzio mpaka amalize. Nikalipa awamu ya kwanza. Nikanunua tranka, godoro, ndoo mbili, kufuli na shuka kama fomu ya kujiunga ilivyoagiza, nikamkabidhi mtoto kwa matroni. Nilipogeuza kurudi Mbeya nilijua kazi yangu imekwisha, kilichobaki ni kutafuta ada.

Siku ya kwanza ya kutembelea wanafunzi iliangukia Jumapili ya mwanzo wa Machi. Mlinzi getini alinipokea kwa Kibena, "Kamwene," akaangalia kadi yangu ya mzazi, akanifungulia. Uwanja mzima ulikuwa umetandikwa mikeka na vitenge. Mahotipoti, soda, keki, kuku wa kukaanga kutoka kila wilaya ya nyanda za juu. Kama umewahi kwenda siku hiyo unajua harufu yake. Unajua pia kwamba wasichana wanakuja wakikimbia, wanakula huku wanaongea, na saa tisa kengele ikigonga wanaanza kulia.

Jambo nililoliona siku ile ni madirisha ya bweni. Kulikuwa na nyuso nyuma ya pazia. Nikamuuliza matroni kama kuna watoto wanaumwa.

"Hapana, mama. Hao hawana mgeni leo. Huwa wanajifanya wamelala."

Binti yangu alikuja mkekani akiwa amemshika mwenzake mkono, msichana mwembamba, mkimya, viatu vimepigwa rangi mpaka vinang'aa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Wako hawajafika bado?"

"Mama yuko Chimala. Sasa hivi wanapalilia mpunga, hawezi kutoka."

Akakaa. Alikula kwa adabu, taratibu, na nilipomwekea paja la kuku aliliangalia kidogo, akaomba kama anaweza kumpelekea rafiki yao mwingine aliyebaki bwenini. Nikamwambia ale lake, na la huyo mwingine nikalifunga kwenye karatasi. Kuanzia siku hiyo nilipika ya watu wanne kila safari. Baadaye, nilipozoeana na kina mama wengine wa Mbeya, tulikubaliana kila mmoja achukue mtoto wa pili mkekani kwake, na wa Iringa na Mafinga wakafuata. Hatukuandika popote. Matroni alitutajia tu nani hana mgeni, na tukawa tunatuma mabinti zetu wenyewe wakawaite, maana mtoto akiitwa na mtu mzima anajiona ameonewa huruma.

Wiki mbili baada ya siku ile shule zote nchini zikafungwa kwa corona, tarehe 17 Machi 2020. Walimu walikuwa wakituma maswali kwenye kundi la WhatsApp la wazazi. Mimi niliyapeleka steshenari pale Mwanjelwa yakachapwa, binti akayafanya mezani kwangu kati ya mashine mbili, nikapiga picha, nikarudisha. Tuliendelea hivyo mpaka shule zilipofunguliwa tarehe 29 Juni. Niliona nimefanya kazi kubwa, na kweli ilikuwa kazi. Kwamba kuna wazazi wenye simu za kitochi ambao hawakupata hata swali moja kwa miezi mitatu na zaidi, hilo halikunipitia akilini. Lilinijia miaka miwili baadaye, na lilinijia vibaya.

Julai ile niliitwa shuleni, mtoto ana kifua. Njombe na vitongoji vyake viko juu sana, na Juni na Julai kuna asubuhi nyasi zinaamka nyeupe kwa umande ulioganda. Nikalishika sweta la shule alilovaa. Mtu aliyefuma maisha yake yote hahitaji kuambiwa: uzi mmoja, mfumo wazi, ukiliinua juani unaona upande wa pili. Nilikwenda moja kwa moja kwa mkuu wa shule nikiwa na hasira. Alinisikiliza, mama mtaratibu yule, akaniuliza swali ambalo sikulitegemea: "Wewe ungelifumaje?"

Nikarudi Mwanjelwa nikafuma la mfano. Nyuzi mbili kwa pamoja, pindo za mikono ndefu zaidi ili msichana aweze kuzikunjua zifike vidoleni, shingo imepandishwa. Shule ikalikubali. Wa kidato cha kwanza niliwafumia kwa bei ya uzi na nauli, waliobaki kwa bei ya kawaida kwa sababu na mimi nina ada ya kulipa. Hivyo ndivyo nilivyoingia kwenye kamati ya wazazi.

Nilidhani kamati ni ya watu wenye pesa. Nikakuta mambo mengi yaliyokwama yalikuwa yanamngoja mtu wa kuuliza tu. Wasichana walikuwa wanaamshwa saa kumi na moja alfajiri na kuoga maji yanayouma kama sindano, kwa hiyo wengi walikuwa hawaogi, na hakuna mzazi aliyejua, maana kwenye mikutano tuliuliza matokeo na ada peke yake. Mimi mwenyewe nisingejua kama binti yangu asingeniambia kwa aibu kwa nini miguu yake imepasuka. Jiko la uji lilikuwa linabaki na moto mwingi kila asubuhi. Kilichokosekana ni mapipa na kuni za ziada. Katika kikao alikuwepo baba mmoja mwenye kiwanda kidogo cha kupasua mbao maeneo ya Mafinga, mtu asiyesema kitu, anakaa nyuma, kofia mapajani. Siku ile alisema sentensi moja: "Mabanzi yanaoza kwangu." Wiki iliyofuata lori likafika limejaa mabanzi. Nusu ndoo ya maji ya moto kwa kila msichana, Juni na Julai. Baba yuleyule, siku ambayo mzazi mwingine alisimama kusema kwamba masuala ya pedi waachiwe akina mama, aliuliza kwa sauti ya chini pakiti moja ni shilingi ngapi na msichana anahitaji ngapi kwa muhula. Akaandika kwenye daftari lake. Tangu hapo sijamsikia mtu akisema akina baba hawana la kufanya katika shule ya wasichana bila kumkumbuka.

Nayasema haya ili mjue nilikuwa mtu wa aina gani ulipofika mkutano wa Agosti 2021. Nilikuwa najiona mzazi mzuri. Watu walikuwa wananishukuru.

Ajenda ilikuwa wastani. Shule nyingi za binafsi zinao: mtoto asipofika alama fulani kwa mitihani ya ndani, mzazi anaambiwa amtafutie shule nyingine au akubali akariri darasa. Kwetu ilikuwa 45. Pendekezo lilikuwa ipande mpaka 55. Mwalimu wa taaluma alibandika matokeo ukutani. Mzazi mmoja aliyetoka Dar es Salaam alizungumza vizuri sana, kwamba tunalipa pesa nyingi, kwamba darasa likiwa na watoto wazito mwalimu anawasubiri wao na wepesi wanachelewa, kwamba jina la shule ni mali yetu sote. Wengi walipiga makofi. Binti yangu alikuwa na 71. Mwenyekiti aliposema "wanaokubali wanyooshe mikono", mkono wangu ulikuwa juu kabla hajamaliza.

Sikumfikiria mtu yeyote. Nimejichunguza mara nyingi katika hilo, na ndiyo kweli yenyewe. Sikuwa na nia mbaya kwa mtoto wa mtu. Nilikuwa nimeangalia karatasi ya wangu tu.

Novemba wakafanya upimaji wa kitaifa wa kidato cha pili, wakafunga. Januari 2022 wakarudi kidato cha tatu. Hakuna simu bwenini. Wanazungumza na wazazi Jumapili kwa simu ya matroni, dakika tano kila mmoja, na katika zile dakika tano binti yangu aliniambia anaendelea vizuri. Machi nikaenda kumtembelea. Nilipika ya watu wanne kama kawaida. Akaja mkekani peke yake.

"Mwenzako yuko wapi?"

"Hayupo, mama. Hakurudi."

Nikadhani anaumwa.

"Alipata 52," akasema. "Walimwambia mama yake amtafutie shule." Alikuwa anaangalia hotipoti, haniangalii mimi. "Kidato cha kwanza alianza na 31, mama. Mimi ndiye ninayejua alivyoamka usiku mpaka akafika 52."

Kisha akaniuliza. Alisema wasichana wote walikuwa wanajua kwamba wazazi ndio waliopiga kura.

"Mama, kwani na wewe ulinyoosha mkono?"

Ningeweza kudanganya. Nilimwangalia usoni nikaona ameshajua, anataka tu kusikia kama nitadanganya. "Nilinyoosha," nikamwambia.

Alifunika hotipoti. "Nimeshiba," akasema, na hakuwa ameonja kitu. Tulikaa mpaka kengele ikagonga. Chakula nikakigawa kwa watoto wengine, na njia nzima ya kurudi, kuanzia Makambako mpaka Uyole, nilikuwa nahesabu.

Nilihesabu hivi. Kwa viwango vya Baraza la Mitihani la Taifa, alama 30 hadi 44 ni D, na hiyo tayari ni kufaulu. Alama 45 hadi 64 ni C. Mtoto wa 52 ana C kwa hesabu ya nchi yake. Sisi, washona nguo na wauza mbao na watumishi wa ofisi tuliokaa kwenye ukumbi ule kwa saa mbili, tulimwambia kwamba ameshindwa.

Halafu nikahesabu lingine. Binti yangu alisoma shule ya msingi ya mchepuo wa Kiingereza hapa Mbeya. Alipoingia kidato cha kwanza, Fizikia na Jiografia na Uraia vilikuwa kwa lugha aliyokwisha izoea. Mwenzake alisoma shule ya msingi ya serikali, miaka saba kwa Kiswahili, na siku moja ya Januari kila somo likageuka kuwa Kiingereza isipokuwa Kiswahili chenyewe. Kile kipindi cha kuwazoesha lugha mwanzoni mwa mwaka ni cha wiki chache tu. Kisha ikaja corona, wangu akapata maswali kwa WhatsApp na mashine ya kuchapisha hatua ishirini kutoka kibandani kwangu, na yeye akapata shamba la mpunga. Hiyo 31 haikuwa akili yake, ilikuwa lugha na simu. Na 52 ndiyo iliyokuwa yeye mwenyewe.

Nilipokwenda kumwomba mwalimu wa taaluma anionyeshe walioondolewa walikuwa na alama gani walipoanza, alisita, akanionyesha bila majina. Karibu wote walitoka shule za msingi za serikali, na karibu wote walikuwa wamepanda. Mwalimu yule alifunga daftari akasema, "Mama, sisi tulijua. Ila wazazi ndio mnaotupigia simu usiku matokeo yakitoka."

Ni kweli tulikuwa tunawapigia. Niseme kidogo kuhusu lile kundi la WhatsApp, kwa sababu nadhani wazazi wengi mtalitambua. Lilianzishwa kwa matangazo, likawa mahakama. Mwalimu akichelewa kuweka alama, ujumbe arobaini. Msichana akipata chakula chenye wadudu, picha inasambaa mpaka Songea kabla mpishi hajaulizwa. Mwalimu wa Hisabati, kijana mzuri, aliondoka katikati ya mwaka na sababu mojawapo ilikuwa sisi. Binti zetu walikaa wiki tano bila Hisabati kwa ajili ya ushupavu wetu. Nami nimo katika walioandika.

Kwa hiyo safari hii sikuandika kwenye kundi. Nilimpigia mzazi mmoja mmoja. Nilianza na wale ambao watoto wao walikuwa na alama za juu, maana wenye alama za chini walikuwa waoga, wanaogopa kusema wasionekane wanatetea wao. Ilinichukua zaidi ya miezi kumi. Wengine walinielewa mara moja. Mama mmoja wa Tukuyu alilia kwenye simu, na yeye alinyoosha. Wengine waliniambia kama nataka shule ya huruma nimpeleke wangu shule ya kata. Sikuwajibu, lakini jibu ninalo: katika shule ya kata ya hapa kwetu kuna walimu ninaowafahamu wanaofundisha darasa la watoto themanini na hawamfukuzi hata mmoja.

Mwaka ukageuka. Januari 2023 Baraza la Mitihani lilitangaza matokeo ya kidato cha nne ya 2022, na kwa mara ya kwanza kwa muda mrefu halikutaja shule kumi bora kitaifa. Nilidhani hilo litatupoza. Haikuchukua hata siku mbili, wazazi wakawa wametengeneza orodha yao wenyewe, wamepanga shule kwa mkono, wanatumiana. Hapo nikaelewa kwamba ugonjwa haukuwa kwenye tangazo, ulikuwa kwetu.

Kabla ya mkutano wa Machi nilikwenda kuonana na mwenye shule. Sitaki kumchora kama mtu mbaya. Alinieleza kwa upole hesabu zake. Mishahara ya walimu, mpishi, mlinzi, mafuta ya gari, vyote vinatoka kwenye ada. Ada inatoka kwa wazazi, wazazi wanafuata jina, na jina linafuata matokeo. "Nikipoteza watoto hamsini, mama, nafunga bweni moja na watu wanakosa kazi." Nilimwelewa. Mimi pia nina wasichana wawili wanaonisaidia kibandani, na najua maana ya Ijumaa bila pesa ya kuwapa. Nikamwambia sikuja kumwomba apokee mtoto asiyejitahidi. Nimekuja kumwomba apime mtoto kwa alipotoka.

Mkutanoni nilisimama. Magoti yalikuwa yanatetemeka na nilishika kiti cha mbele. Niliwaambia wazazi wenzangu kwamba nilinyoosha mkono Agosti 2021, na kwamba kuna msichana aliyekula mkekani kwangu mara nne ambaye niliuondoa mkono wake kwenye sahani yangu bila kumtazama. Nikasema alama zake, 31 na 52. Nikasema D ni ngapi na C ni ngapi. Sikuwa na mengine, nikakaa.

Kukawa kimya kirefu. Mzazi mmoja alisema nimeleta hisia kwenye mambo ya taaluma. Halafu baba wa mabanzi, kule nyuma, akasimama na kofia yake mkononi. "Mbao mbichi," akasema, "ukiipima leo utaitupa. Iache ikauke kwanza, ndipo uipime." Akakaa.

Hatukupata yote. Wastani ulirudi 45. Ilikubaliwa kwamba hakuna mtoto atakayeondolewa kabla mzazi hajaitwa shuleni ana kwa ana, tena mwisho wa muhula wa kwanza wakati bado kuna muda, na kwamba wa kidato cha kwanza na cha pili wanaotoka shule za Kiswahili wapewe vipindi vya lugha jioni kwa mwaka mzima. Sisi wazazi tukabeba posho ya mwalimu wa vipindi hivyo. Wazazi kadhaa waliwahamisha watoto wao, akiwemo yule baba wa Dar es Salaam. Waliokwisha ondolewa hawakurudishwa. Nililiomba hilo mara mbili, nikaambiwa wameshazoea shule nyingine, na nafasi zao zimejazwa.

Miaka yote ile basi lilikuwa linasimama Chimala. Dakika kumi, abiria wananunua mchele na ndizi. Baada ya ule Machi wa 2022 nilipita hapo mara nyingi na sikushuka hata kunyoosha miguu. Nilikuwa nakaa upande wa kulia, mbali na wachuuzi, kwa sababu sikujua mama yake anafananaje na niliogopa asije akawa mmoja wao.

Mwisho wa Novemba 2023 nilikwenda kumchukua binti yangu, amemaliza mtihani wa kidato cha nne. Tulikuwa na tranka lake, godoro limefungwa kamba, ndoo. Tulipokaribia Chimala akamwambia konda, kabla sijajua anataka nini, "Kaka, sisi tunashuka hapa." Walikuwa wakiandikiana barua na mwenzake muda wote huo. Alikuwa na ramani ya kufika kwao kwenye karatasi ya daftari.

Tulikodi guta la kubeba mizigo, tukaenda kwa miguu nyuma yake kwenye vumbi na jua kali. Msichana alitoka mbio, amerefuka, wakakumbatiana wakapiga kelele, wakapotelea nyuma ya nyumba. Naye alikuwa amemaliza mtihani wiki ileile, shule ya kata, anatembea saa nzima kwenda na saa nzima kurudi. Mama yake alikuwa chini ya mwembe, mkeka umetandikwa, anachagua mchele.

"Karibu, dada. Wewe ndiye uliyekuwa unampa kuku mwanangu."

Nikakaa. Nikamwambia sikuja kwa ajili ya kuku. Nikamwambia kwamba wazazi walipiga kura, na mimi nilinyoosha mkono.

Hakusema kitu. Vidole vyake viliendelea kutoa mawe, moja, jingine, anayatupa pembeni kuku wanayadonoa na kuyaacha. Nyuma ya nyumba mabinti walikuwa wanacheka. Niliona ameacha kutoa mawe, ameshika ungo tu.

"Nilikuja shuleni siku ile kumchukua," akasema. "Hakuna aliyeniambia kwa nini. Walinipa karatasi ya Kiingereza."

Alinyamaza tena. Kisha akasogea kidogo kwenye mkeka, akausukuma ule ungo katikati yetu.